Hesabu ya Mlanzi

Kisu alichoniachia shangazi Gaudensia
kimeliwa na jiwe la kunolea hadi kimekuwa ulimi,
chembamba, hakina maneno mengi.
Asubuhi, ukungu wa Dabaga haujaamua kuondoka,
nauinamisha mlanzi mchanga,
nachonga ncha, unene wa ukucha tu,
nafunga mbeta, naenda shambani.
Jioni narudi. Ukucha mwingine.
Ni mvua inayotuita kazini, mimi na nyuki.

Shangazi hakunipa sababu,
alinipa hesabu:
machipukizi kumi yakitoka kichakani,
sita yetu, manne yaachwe yaende juu
yakawe wazee wa kesho.
Ukigema yote, alisema, umekunywa mbegu.
Na tone la kwanza alilidondosha chini.
Ni la marehemu au la siafu? nilimuuliza.
Akajibu: wote wana kiu.

Mwaka ule wa ada ya mdogo wangu Nolasko,
pikipiki za wanunuzi zikinguruma hadi mlangoni,
madumu ya njano yakigongana kama meno kwenye baridi,
niligema yote kumi.
Nikagema na lile la mpakani, ambalo si langu peke yangu.
Nolasko akafanya mtihani, akafaulu.
Siwezi kusema nilikosea.
Siwezi kusema sikukosea.

Mvua iliyofuata kichaka kilitoa matatu,
membamba kama vidole vya mgonjwa.
Nyuki walikuja, wakazunguka, wakaondoka.

Misimu miwili kisu kilining'inia darini
nami nikawa mtu wa kubeba:
samadi ya mbuzi, majivu ya jikoni,
mabua yaliyooza,
na kiangazi maji ya kuoshea vyombo, ndoo kwa ndoo.
Majirani wakacheka,
"Kihwele analisha nyasi!"
Kweli, mlanzi ni nyasi.
Lakini fito za nyumba yangu ni nyasi hiyo,
na tenga la kuku, na uchanja wa vyombo,
na kitanda alicholalia shangazi usiku wake wa mwisho,
kilicholia kila alipogeuka
kana kwamba nacho kilikuwa kinamuuguza.
Miaka yote hiyo ni nani alikuwa anamlisha nani?

Mwaka huu yamechomoza tisa.
Nimeyahesabu mara mbili, kwa kidole,
kama mtu aliyerudishiwa vifaranga na mwewe.
Nitagema manne.
Tone la kwanza nimeshalitoa, na la pili pia,
maana deni langu lina riba.

Jana Nolasko amepiga simu kutoka Makambako,
anataka madumu mawili ya mkangafu, ya harusi.
Nimemwambia hakuna mkangafu.
Kuna mtogwa, kikombe kimoja.
Njoo uunywe hapa hapa, umesimama kwenye matope,
na usije mikono mitupu:
pita kwa wenye mbuzi,
ubebe samadi.