Nati Chini ya Jiwe

Mwaloni Kirumba, saa kumi na moja alfajiri,
dagaa wanashuka kwa magunia kutoka Ukara
na mimi nawapima.
Jiwe la kilo kumi upande huu, dagaa upande ule,
mkono unapanda, unashuka, unatulia.

Chini ya jiwe kuna nati.
Tajiri aliichomelea mwezi wa pili, akapaka rangi nyeusi juu,
robo kilo ya chuma isiyo na jina daftarini.

Jiwe halijui.
Nimelitazama sana. Halijui.

Mdogo wangu Lushinge anasoma chuo, Malimbe.
Jumapili huja na madaftari na njaa,
na huku akimenya kiazi ananiambia:
Kaka, wapo wanaosema fahamu ni habari tu
zilizofungamana mpaka haziwezi kuachanishwa,
na kwamba hata kipimajoto kina chembe yake.
Na mizani? nikamuuliza.
Akatafuna kwanza. Kidogo. Labda.
Basi, nikasema, mizani yangu ina habari za Mwaloni nzima
na haijawahi kukosa usingizi.
Alicheka. Mimi nilitoa vyombo.

Nyie mnaopanga beti mnahesabu mizani
nane kwa nane, ikizidi moja mnaisikia sikioni.
Yangu imezidi robo kilo. Nani aliisikia?

Maana mimi nilijua, miezi mitano.
Nilijua kama ninavyojua kuna kivuko cha Kamanga,
kama ninavyojua korongo hupenda utumbo wa sangara:
kitu kimewekwa kichwani
kama kiti kwenye nyumba isiyo na mgeni.
Kujua kwenyewe hakukuwa na uzito.

Halafu Alhamisi moja, Nyangeta.
Wenzake wote hukodolea mkono wa mizani.
Yeye alinikodolea mimi.
Habari za hapa?
Nzuri.
Akamimina kopo la dagaa. Mkono haukushuka.
Akamimina la pili.
Habari za hapa? akarudia, taratibu,
kama anayebisha hodi
baada ya kuona taa inawaka ndani.

Hapo.
Alijua. Nikajua kwamba anajua. Akaona nimeona.
Habari ni ileile, robo kilo ni ileile,
lakini sasa ilikuwa na watu wawili ndani yake
na ikaanza kupumua.

Labda ndivyo ilivyoanza, kabla ya amri, kabla ya mahubiri:
mtu kando ya maji haya haya anagawa samaki,
anainua uso, anakuta jicho,
na ndani ya jicho anajiona, mdogo, mkono umeshika fungu kubwa.
Peke yake hakuwa mwizi.
Peke yake alikuwa mtu mwenye samaki wengi.

Nilimweleza Lushinge. Akavuta kalamu.
Nikamwambia, weka chini, hii si ya mtihani.

Juu ya Mabatini miamba imebebana
tangu kabla ya mtu wa kuitazama,
imekaa sawasawa, mizani isiyokosea,
na hakuna hata mmoja ulio mwema.

Usiku wa Ijumaa nilichukua tindo.
Mapigo kumi na mawili, mlinzi amelala au amejifanya.
Jiwe sasa lina kovu linalong'aa upande wa chini
na tajiri hajaligeuza bado.
Nati ninayo mfukoni, inagongana na funguo
nikipanda ngazi za mawe kwenda kulala,
na silali.

Nyangeta hajarudi.
Wanasema kahamishia mzigo wake kwingine, wanasema anaumwa,
habari za Mwaloni ni nyingi.
Nimeandika jina lake nyuma ya daftari
na mbele ya jina, kilo ninazodhani tunadaiwa:
kumi na nne.
Nikafuta. Kumi na saba.
Nikafuta.