Mikono Ina Kazi

Tekber kaketi mkekani, hapa Atar, mlango nusu wazi,
anakata utepe wa gundi kwa wembe,
vipande vyembamba kama ukucha wa mtoto,
anavibandika kiganjani mwangu kimoja kimoja,
pembe kwa pembe.
"Usicheke," anasema. "Ukicheka, nyota inapinda."

Hina ameichunga mara mbili kwa mtandio kuukuu,
kaikanda kwa chai iliyokolea.
Hataki kuisikia ile nyeusi ya dukani
iliyomchubua Lemneya mpaka akalala na barafu.
Hii inanuka majani, inanuka
udongo ulionyeshewa mara moja kwa mwaka.

Sasa mikono imo ndani ya mifuko ya plastiki,
nimefungwa kama mkate wa safari.
Mama ananinywesha chai, glasi ya pili,
povu linaganda juu ya mdomo, wanaangua kicheko.
Huku kwetu mwanamke akirudi na talaka yake
hupigiwa ngoma. Yangu ni kesho.

Simu inalia. Ni yeye.
Eda iliisha jana; leo ndiyo kakumbuka namba.
Mdogo wangu anainyanyua: "Nikuwekee sikioni?"
Naitazama mifuko, jasho limetanda ndani.
"Mwambie mikono ina kazi."

Alfajiri tunabandua utepe.
Palipofunikwa nimebaki mimi,
ngozi yangu ileile.
Palipoachwa wazi pameiva, rangi ya tende.
Nyota moja, karibu na kidole gumba,
imepinda.
Nilicheka.