Kukunja Nne

Hapa Teruel ndege huja kufa zikiwa nzima.
Zinatua zenyewe, zinazimwa,
madirisha yanazibwa kwa karatasi ya fedha
kama macho ya maiti,
halafu tunaitwa sisi wenye spana.

Kazi yangu ni viti.
Mwaka wa kumi na tisa huu navifungua nati,
hata kiganja changu kimeizidi rula:
toka gumba hadi kidole cha mwisho, inchi tisa,
shibiri isiyoongopa.

Mwezi wa pili walituletea kongwe la mwaka sabini na mbili,
lililosahauliwa bandani katika kesi ya madeni.
Nikapima, mgongo wa kiti hadi mgongo wa kiti.
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Nikarudia, nikidhani nimekosea.
Nne.

Nikavuka kwenda ndege ya pili, ya juzi juzi tu.
Moja. Mbili. Tatu,
na kidole kimoja kilichobaki kikagonga plastiki.

Upana, niseme haki, ni ule ule:
dhiraa kule, dhiraa huku.
Tulionenepa ni sisi.
Lakini sponji! Ile ya zamani unaipiga ngumi,
ngumi inalala.
Ya leo nyembamba kama udhuru wa mdaiwa.

Nikamkumbuka mjomba Saturio,
mita mbili kasoro kidogo, fundi wa kuchomelea mabomba.
Alikuja kutoka Karakasi kumzika mama,
saa tisa angani, magoti kidevuni,
na wa mbele yake akabonyeza kifungo akajilaza,
akalala usingizi wa mtoto juu ya mapaja ya watu.
Madrid aliteremka kama kisu cha kukunja kilichopata kutu.
Kanisani, padri alipotuashiria,
sote tulipiga magoti, yeye akabaki wima,
mlingoti peke yake.
Watu wakanong'ona: *Ughaibuni umempa kiburi.*
Hakujibu. Alishika ubao wa benchi kwa mikono miwili.

Basi nilimlipa Begoña, msimamizi, yuro arobaini,
nikabeba safu nzima ya viti vitatu
nikaifunga kwa boliti gerejini, ikitazama mlango.
Mjomba akaja na fimbo yake. Akakaa upande wa dirisha,
pasipo na dirisha.
Akafunga mkanda. Sikucheka.
Kisha, polepole, kwa kuusaidia mguu kwa mkono,
akakunja nne.

Nne! Mguu juu ya goti, kiatu kinaning'inia,
wala hakigusi kitu.

“Hivi ndivyo nilivyoondoka,” alisema, “mwaka sabini na tatu.
Samaki kwenye sahani ya udongo. Uma wa chuma.”
Nikamwambia, Wametuibia, mjomba, shibiri nzima,
wameikata kidogo kidogo kama mwuza kitambaa.
Alinyamaza sana.
“Unajua tikiti ile ilikuwa kiasi gani?
Babu yako aliuza nyumbu wawili
na zafarani ya misimu mitatu.
Mama yako alitaka kunifuata. Hapakuwa na nyumbu wa tatu.
Nilikunja nne juu ya mgongo wake.”

Sikuwa na la kusema, nikashika kitambaa nikaanza kufuta.
Mkononi mwa kiti mna kijaluba cha majivu, bawaba yake imekaza.
Nilikifungua kwa bisibisi.
Ndani hamkuwa na majivu.
Mlikuwa na kokwa moja ya zeituni,
imekauka, imenyonywa ikang'aa.
Mtu fulani aliila bila haraka,
akatafuta pa kuiweka, akapapata.

Mjomba aliipokea, akaigeuzageuza,
akairudisha mle mle, akafunga.
Kisha akaukunjua mguu,
akanisogezea fimbo,
akauliza kama kiti cha katikati kina mtu.