Kondoo wa Mia Mbili na Kumi na Nne

Hakuwa mkubwa, wala mkorofi.
Jike tu la miaka miwili, tumbo limelowa umande wa Southland.
Nilimvuta kwa miguu ya mbele kutoka zizini
kama nilivyowavuta wenzake mia mbili na kumi na tatu tangu alfajiri,
na hapo, kati ya kuinama na kuinuka,
kitu kikasema tak! kiunoni mwangu
nikabaki nimeinama.

Watu wanadhani maumivu yana kelele.
Yangu yalinyamazisha kibanda kizima.
Mashine pekee ikaendelea kunguruma kwenye ndoano yake,
na kondoo, nusu kanyolewa, nusu koti,
akateremkia kilango chake akitazama nyuma
kama mteja aliyeachwa na kinyozi katikati ya kichwa.

Mimi Merenia Paki,
mwanamke wa kwanza wa kikosi chetu kuvuka mia tatu kwa siku,
mkimbiaji wa vilima vya Hokonui kila Jumapili,
nilitolewa nje juu ya mlango wa stoo,
Mjomba Tipene kichwani, Craig miguuni,
wakibishana nani anaongoza.

Wiki mbili nililala sakafuni.
Nilijifunza dari: nyufa saba, buibui mmoja asiye na haraka.
Nilijifunza kwamba soksi ni mlima.
Kwamba chafya ni adhabu.
Nilijikaza kisabuni, nikateleza kisabuni.

Dada yangu Ngaire ndiye aliyenipeleka mjini Gore
kwa Alasdair Geddes, tabibu wa uti wa mgongo,
nami nimelala kiti cha nyuma nikihesabu mashimo ya barabara kwa mbavu.
Nilitegemea pandikizi la mtu, mvunja mbao.
Akatoka mzee mwembamba mwenye sweta la kijani,
viganja vimekauka kama vya mwokaji mikate.

Hakunigusa kwanza. Aliuliza.
Unalala vipi? Ganzi inafika mguuni?
Mkojo ukija unauhisi?
Nikacheka, ikauma; akasema hafanyi mzaha.
Akagonga goti langu kwa kinyundo cha mpira,
akainua mguu mmoja, taratibu, mpaka nikauma meno.
Ndipo akanilaza ubavu, akanikunja
vile vile mimi ninavyomkunja kondoo:
goti hapa, bega kule, uzito wote mahali pamoja.
Nikaitambua kazi yangu mikononi mwa mtu mwingine.
"Vuta pumzi. Itoe."
Ko!
Nilidhani kavunja kitu.
"Ni hewa tu ya kwenye kiungo," akasema, "mfupa haujaenda popote.
Na mimi si mchawi. Rudi Alhamisi."

Nilirudi Alhamisi. Na Alhamisi.
Wiki ya nne nilikamua blanketi zito kwa kiburi, nikaanguka tena.
Sikumwambia. Misuli iliviambia vidole vyake.
Hakunikaripia, alinipa zoezi la kuudhi:
kulala chali, kuinua kiuno, kuhesabu kumi,
kama mtoto anayefundishwa kuwa daraja.
Kumi asubuhi, kumi jioni,
mbwa akiniramba uso kila nifikapo saba.

Siwezi kuapa ni mikono yake iliyoniponya,
au lile daraja, au siku zenyewe kupita.
Nilimuuliza. Akavaa miwani, akaivua.
"Sijui yote," alisema. "Unatembea?"
Nilikuwa natembea.

Novemba nikarudi kibandani.
Walikuwa wameshanifungia ule mkanda wa springi
unaoning'inia darini na kumshika mtu kifua,
ule niliokuwa nikiuita bembea ya bibi.
Nikauingia bila kumtazama yeyote.
Kondoo wa kwanza: tumbo, mguu, shingo, ubavu mrefu,
manyoya yakafura na kumwagika kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.
Arobaini siku ile. Arobaini tu.
Craig aliandika ubaoni kwa chaki, bila neno,
na chini yake Mjomba akachora mlango wa stoo.

Jioni niliinama kufunga kamba za kiatu.
Nikasubiri.
Hakuna kilichosema kitu.
Nikafunga cha pili.