Singa Moja

"Jikunje kama kamba," akasema Dokta Semhando.
Nikamuuliza, kamba yupi,
wa baharini au ya katani?
Wakacheka wote, hata yule kijana
aliyenishika mabega nisitikisike.

Nilivunjika nyonga bafuni,
kwa kipande cha sabuni, aibu tupu,
mimi niliyesimama kwenye brashi kule Ngomeni
miaka ishirini na saba bila kuteleza.

Akanipapasa uti wa mgongo, pingili kwa pingili,
kama mtu achaguaye muwa Ngamiani.
Tone la baridi. Mchomo mdogo, wenye adabu.
Kisha msukumo, msukumo tu.
"Sindano hii imebeba mwenziwe tumboni.
Ya ndani hupita, hutema ganzi, hutoka.
Ya nje hungoja mlangoni mpaka mrija uingie.
Ganzi ya kwanza ina haraka ya mgeni;
mrija ndio utakaokesha nawe."

Miguu ikaingia joto, kama nimeianika juani,
halafu ikaaga.
Nikakituma kidole gumba kicheze: barua haikufika.
Nyuma ya pazia la kijani nikasikia nyundo, ko, ko,
wanagongelea mfupa wa mtu,
na mtu mwenyewe ni mimi,
nimetulia, nauliza saa ngapi.

Hapo nikamkumbuka Mwinyikombo.
Korona, ile ya mkonge, si ya barakoa,
ilimla vidole vitatu.
Alishonwa zahanati ya shamba,
kitambaa katikati ya meno,
na mimi nimemkalia kifuani.
Hakuwahi kunilaumu kwa uzito wangu.
Laiti ningemkatia kipande cha ganzi hii.

Usiku, Bombo, wodi imelala nusu nusu.
Mrija umebandikwa plasta toka kiunoni hadi begani,
dawa inadondoka, inangoja, inadondoka.
Maumivu yalifika mlangoni mara mbili;
niliyasikia yakivua viatu,
yakaghairi.

Siku ya tatu nesi Kidawa alipouchomoa
nikamwomba niuone.
Mwembamba, mweupe. Ungeuchanganya na singa.
Na singa nimezichana maisha yangu yote,
zikafungwa marobota, zikapanda meli,
wala sikujua huko ziendako zinafunga nini.
Nikauzungusha kidoleni kwa mazoea,
nikauvuta kuujaribu nguvu.
"Bibi, huo ni wa kutupa," akasema Kidawa,
mkono ameukinga.

Nyonga ikaanza kuuma.