Kipimo cha Kinywa

Miaka thelathini na mmoja nilichonga meno ya bandia
kwa vinywa vya wazee wa Łódź,
mji ambao jina lake maana yake ni mashua
na bahari iko saa nne kwa treni, ukibahatika.
Kiejstut wa duka la samaki aliponiambia,
"Mama Halszka, chagua kwa rangi,"
nilimcheka. Rangi?
Mimi huanza na kinywa.

Kinachoenea kinywani ni chakula.
Hiyo ndiyo sheria ya kwanza; ya pili siikumbuki.
Chewa wa madoa alikuwa urefu wa kiganja.
Nilimtazama taya: mlango wa gereji.
Nilimchukua hata hivyo,
na wengine wote nikawapima kwa taya lile,
si la leo, la miaka mitatu ijayo.
Vile vidogo vya buluu, vya kuhurumiwa, nilivipita.
Huruma niliiacha mlangoni pamoja na mwavuli.

Tangi ni lita elfu mbili. Limekaa
palipokuwa na kabati la marehemu Ziemowit.

Nilimchukua samaki-simba, mwendo wa bibi harusi
aliyekatazwa kukimbia: sumu anayo, haraka hana.
Nilimchukua mkunga, apumuaye kinywa wazi
kama mgonjwa wangu akingoja vipimo vikauke.
Tasi pia. Hali nyama,
ila miiba yake imemfundisha kila mtu adabu.
Bunju nilimwacha, ingawa alinitazama.
Lo, alinitazama! Macho ya mtoto kwenye kioo cha duka la keki.
Lakini bunju hung'ata mapezi marefu kwa mazoea tu,
si njaa, si chuki.
Nawajua watu wa namna hiyo.

Usiku wa tatu mkunga alitoka.
Nilimkuta jikoni kwenye vigae, amejaa vumbi
kama tambara la kufutia sakafu.
Nilimfunga kwa taulo lililolowa maji ya chumvi,
nikamrudisha, na juu ya kifuniko nikaweka
kamusi mbili na pasi ya chuma ya mama yangu.
Asubuhi alipokea ngisi kwenye koleo. Hana kumbukumbu,
au anayo na haoni haja ya kusema.

Kikande alikuja mwisho. Mkorofi huja mwisho;
akitangulia ataandika hati miliki ya kila jiwe.
Hata hivyo siku ya pili tu
alikuwa amemsukuma samaki-simba hadi kona ya pampu.
Nilikaa nikitazama. Chai ikapoa.
Kisha nikavaa glavu ndefu, nikazamisha mikono hadi mabegani,
nikahamisha mawe yote.
Pango likawa uwanja, uwanja ukawa kichochoro.
Maji yalichafuka nusu saa,
na yalipotulia hakuna aliyejua kwake ni wapi.
Wakapishana kimya kimya,
kama watu kwenye korido ya hospitali.

Utotoni, karpu wa mkesha wa Krismasi
alikaa siku tatu kwenye hodhi letu la kuogea.
Hatukuoga. Nilimpa jina.
Baba alimla bila kuniangalia.

Mwaka huu Gniewomir atakuja, na Dobrawa atakuja.
Hawajasemezana tangu tuuze kibustani cha baba yao.
Kila mmoja amepiga simu kivyake
kuuliza kama kiti chake ni kile kile.

Jana nilimwita jirani, Bwana Sulisz,
anishikie upande wa pili wa meza.
Tumeitoa sebuleni, ikakwama mlangoni, tukaing'oa miguu,
tumeileta huku, mbele ya tangi.
Viti nimevichanganya. Sijui mwenyewe kipi cha nani.
Sahani ya mgeni asiyetarajiwa, ile ya desturi,
bado nimeishika mkononi.

Kikande anatafuna ganda la kome.
Utafunaji wake una sauti.
Husikika mpaka jikoni.