Majora Kumi na Mawili

Bwana uliyerudisha majora kumi na mawili,
barua yako imebandikwa kwenye jokofu la kantini
kwa sumaku yenye umbo la pomboo.
Umeandika "madoa". Umeandika "rangi ya maji ya vyombo".
Umepiga picha, ukazungushia kila kidoa duara jekundu
kama mwalimu anayesahihisha imla.
Nimeambiwa nijibu kwa mistari mitatu.
Samahani. Nikikasirika sijui kuhesabu.

Zamu yangu huanza saa nne usiku.
Nje, Opole imejifunika theluji ya mwisho ya Machi;
ndani, mtambo namba nne unapuliza puto
refu kama nyumba ya ghorofa tatu,
utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
unapanda, unapoa, unalala bapa,
unajiviringa kwenye jora bila neno.
Punje mpya hazina habari.
Hupanda safi, hazinuki kitu, hazimkumbuki mtu.
Hizi za kijivu ndizo zenye maneno.
Thelathini kwa mia, mkataba ulisema,
na sahihi ni yako.

Gniewko, mwanagenzi wetu, hunusa gunia kabla ya kulimimina.
"Leo sabuni ya waridi," husema.
Au: "Leo kuna samaki."
Tunacheka, halafu tunafungua dirisha.

Kidoa ulichokichora, sisi twakiita jicho la samaki:
kipunje kilichogoma kuyeyuka.
Kile cha jora la tano nakikumbuka.
Saa tisa na dakika kumi, shinikizo likapanda,
puto likayumba kama mlevi, likapasuka.
Tulitoa chujio kwa glavu zinazofuka moshi
na ndani yake tukakuta mchanga, uzi wa lebo,
alumini iliyokunjamana,
na kitu cha buluu ambacho Gniewko aliapa
kilikuwa kifuniko cha mtindi wa bibi yake.

Mama yangu aliosha mifuko ya maziwa.
Miaka ile maziwa yaliuzwa ndani ya nailoni laini,
nusu yakivuja njiani.
Aliikata ncha, akaisuuza,
akaianika juu ya jiko kwa vibanio vya nguo,
na mkate wangu wa shule ulikaa humo, ukinuka maziwa,
nikaula nimeugeukia ukuta.
Kurejeleza hakukujua kwa jina.
Alisema tu: huu bado una kazi.

Na kazi yenyewe, bwana, ilikuwa ipi?
Kufunga karatasi za msalani, roli nane nane.
Mtu angeurarua utando kwa kidole gumba
akiwa na haraka zake.
Uliagiza tuchapishe jani la kijani kila sentimita arobaini,
na jani lilitoka vizuri, hata vishipa vyake vinaonekana.
Unalitaka jani. Udongo hutaki ukuguse.

Jora la tisa, nakubali, lina tundu.
Hilo ni langu. Nilikuwa nakunywa chai.

Jumatatu yote yataingia kwenye kinu cha kusagia,
na jani lako litasagwa pamoja na mengine
likatoke kijivu zaidi, likaziba chujio la mtu mwingine.
Meneja, Bi Wielgosz, hajui kwamba nimekata mita mbili.
Nimezitandaza dirishani kwangu juu ya miche ya nyanya,
maana baridi bado inauma usiku.
Asubuhi nikirudi, jua linapenya,
vidoa vinadondosha vivuli mezani, vidogo kama mbegu za mpopi.
Nimehesabu kumi na saba.
Kimoja kimeangukia jani, jani la kweli, bichi, lenye manyoya.
Halijaandika barua.

Kwa heshima,
Bogumiła, mtambo namba nne.
Futa mistari usiyoitaka, zibaki tatu.